Karata, Hesabu na Mchezaji Mchanga

Nilisoma na kijana mmoja wa Manyatta, katika miteremko ya Mlima Kenya. Siku moja ya kufungua shule aliondoka kwao akiwa na karo ambayo wazazi wake waliipata kwa kuuza kahawa. Aliposhuka garini mjini Embu aliona watu wamekizunguka kijimeza, na mtu mwenye mikono myepesi akizungusha karata tatu juu yake. Kijana alisimama kutazama. Alikisia mara tatu moyoni mwake, na mara zote tatu akapata. Ndipo akatoa fedha. Kabla ya jua kufika utosini hakuwa na karo. Jioni tulipokutana bwenini alisema neno moja tu: "Kosa langu ni kwamba sikuujua mchezo. Ningejifunza kwanza, ningeshinda."

Je, ni kweli kwamba anayejifunza karata hushinda? Historia inalo jibu, nalo lastahili kutafutwa kwa utaratibu.

Karata hazikuzaliwa kwetu. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu, na mwaka 1698 ngome hiyo ikaanguka mikononi mwa Waarabu wa Oman. Wareno wakaondoka, lakini mchezo wao ulibaki, na ushahidi umo vinywani mwetu hata leo. Karata ni neno lao carta. Kopa ni copas, yaani vikombe. Shupaza ni espadas, yaani panga. Uru ni ouros, yaani dhahabu. Pau ni paus, yaani fimbo. Hata turufu, ile karata inayozipiga nyingine zote, ni trunfo ya Kireno. Mwanahistoria asiye na hati aweza kusoma maneno, kwa kuwa wageni huacha nyuma vitu wasivyokusudia kuviacha.

Mchezo wa poka ulikuja baadaye sana, nao ulitoka Marekani. Ulichezwa katika mji wa New Orleans na ndani ya meli za moshi za mto Mississippi mwanzoni mwa karne ya 19. Hapo kwanza ulitumia karata 20 tu, tano kwa kila mmoja wa wachezaji wanne. Baadaye zikatumika zote 52. Kila mchezaji huzificha karata zake, huweka dau kati, na huamua ama kuongeza dau ama kuziweka karata chini na kujitoa.

Watu wengi hudhani ya kuwa mchezo kama huo ni bahati tupu. Mwaka 1654 Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua wakaonyesha kwamba bahati nayo ina hesabu zake. Swali lilikuwa hili: watu wawili wanacheza, kila mmoja ameweka sarafu 32, na atakayetangulia kushinda mara tatu atazitwaa zote 64. Mmoja ameshinda mara mbili, mwenzake mara moja, kisha mchezo unakatizwa. Wagawane vipi? Pascal alijibu hivi. Kama wangecheza mara moja zaidi na wa kwanza akashinda, angepata zote 64. Kama angeshindwa, wangekuwa sawa, na kila mmoja angepata 32. Basi 32 ni zake kwa vyovyote; zile 32 nyingine zina shaka iliyo sawa kwa wote wawili, nazo zigawanywe nusu kwa nusu. Wa kwanza apate 48, wa pili 16. Kwa hoja nyepesi kama hiyo ilianzishwa elimu ambayo leo hutumiwa na makampuni ya bima, matabibu na wachunguzi wa hali ya hewa.

Sasa tumtazame mchezaji mchanga, naye acheze kwa maharage badala ya fedha. Kosa lake la kwanza ni kutaka kucheza kila agawiwapo karata. Karata tano zaweza kutoka katika 52 kwa namna 2,598,960. Katika kila mara 100, karibu mara 50 atapata karata zisizo na thamani yoyote, na karibu mara 42 atapata jozi moja tu. Basi sehemu kubwa ya ujuzi ni kuziweka karata chini bila manung'uniko.

Kosa lake la pili ni kutumaini pasipo kuhesabu. Tuseme ana kopa nne na karata moja isiyofaa, naye ataibadili hiyo moja. Karata asizoziona ni 47, na kopa zilizosalia ni 9. Zitakazomfaa ni 9, zitakazomwangusha ni 38. Yaani akipata mara moja, atakosa mara nne na zaidi kidogo. Ikiwa kati pana maharage 30 naye atakiwa kulipa 10, atapata tatu kwa kila moja alilotoa. Malipo ni madogo kuliko hatari, na inafaa ajitoe. Ikiwa kati pana 50, atapata tano kwa moja, na inafaa alipe. Karata zake ni zilezile; kilichobadilika ni bei ya tumaini.

Kosa la tatu ni kuzitazama karata zake tu na kusahau wenzake. Anayesema mwisho amekwisha kuwaona wengine wakiamua. Kwa hiyo nafasi yake ina faida. Aidha, mwaka 1928 mwanahisabati John von Neumann, mzaliwa wa Hungaria, alichapisha makala juu ya michezo ya namna hii. Hesabu zake zilisaidia kueleza kwa nini mchezaji wa poka hana budi kujifanya mara chache ana karata nzuri hali hana. Asiyejifanya kamwe hujulikana upesi, na ajifanyaye daima hujulikana upesi vilevile.

Kosa la nne ndilo gumu kuliko yote: kuipima hekima kwa matokeo. Katika giuthi, mchezo wa mashimo na mbegu wa Wagikuyu, ambao Wameru huuita kiothi, na pia katika bao la pwani, kila kitu ki wazi. Ukishindwa, umeshindwa na akili ya mwenzako. Katika karata waweza kuamua sawasawa ukashindwa, au kufanya upumbavu ukashinda. Kwa sababu hii mchezaji mwema huandika alivyoamua na sababu zake, kisha huyapima maamuzi yake moyo ukiwa umetulia. Na akiona anaongeza dau ili arudishe alichopoteza, ainuke aende zake.

Hapo ndipo tunapomrudia kijana wa Manyatta. Hakukosa ujuzi. Alikosa kuuliza alikuwa anacheza mchezo wa namna gani. Iko michezo ya watu walio sawa, na humo kujifunza kwafaa. Iko michezo ambayo mwenye nyumba amekwisha kujiwekea faida. Gurudumu la kamari lina namba 37, lakini anayeipata namba yake hulipwa 35 kwa moja. Hakuna bidii ya mwanafunzi itakayoziba pengo hilo, wala aliye na simu mkononi asidhani kwamba ameliepuka. Tena uko utapeli, kama zile karata tatu, ambapo karata ya ushindi hubadilishwa mkononi, na wale wanaoshangilia ni wenzake mwenye meza. Mwaka 1966 Kenya ilitunga sheria ya kusimamia kamari, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuicheza. Lakini sheria haisimami kando ya kila kituo cha magari.

Rafiki yangu alirudi nyumbani, naye akakosa muhula mzima akichuma kahawa. Aliporudi alikuwa hodari wa hesabu kutupita sote. Siku moja nilimwuliza kama sasa angeweza kuishinda ile meza. Alicheka, akasema, "Hesabu yake ni fupi. Ungeshinda kwa kupita njia tu."