Neno "Uhuru" Katika Safari ya Nyota: Habari za Jina la Uhura na Wapenzi Wake

Katika makala haya nimekusudia kueleza jinsi neno moja la Kiswahili lilivyofika Marekani, likageuzwa mwisho wake, likawa jina la mwanamke katika mchezo wa televisheni, na jinsi maoni ya watazamaji yalivyolihifadhi jina hilo hata likaingia katika historia. Mchezo wenyewe ni Star Trek, ulioanza kuonyeshwa na shirika la NBC tarehe 8 Septemba 1966. Huenda msomaji akauliza: habari za vyombo vya anga vya kubuni zamhusu nini mtaalamu wa lugha? Jibu ni kwamba mwenye kuandika historia ya maneno hana budi kuyafuata yalikokwenda, hata yakienda mahali asipopatazamia.

Neno huru asili yake ni Kiarabu, hurr, maana yake mtu asiye mtumwa. Kiswahili kililipokea, kikalipa kiambishi u- cha majina ya mambo yasiyoshikika, likawa uhuru. Katika miaka ya 1950 neno hilo lilikuwa wito wa siasa. Tanganyika ilijitawala tarehe 9 Desemba 1961, Uganda tarehe 9 Oktoba 1962, Zanzibar tarehe 10 Desemba 1963, na Kenya siku mbili baadaye. Sauti yake ilifika ng'ambo, na mwaka 1962 mwandishi wa Kimarekani, Robert Ruark, alitoa riwaya juu ya Kenya aliyoiita Uhuru. Nichelle Nichols, mwimbaji na mwigizaji, alisimulia mara nyingi kwamba alikuwa nacho kitabu hicho mkononi siku alipokwenda kujaribiwa kwa ajili ya mchezo huo. Mazungumzo yakazuka juu ya kitabu, na Gene Roddenberry, aliyeubuni mchezo, akalipenda neno. Lakini lilionekana kuwa zito kwa jina la mwanamke, basi likalainishwa kuwa Uhura.

Yafaa tuyachunguze mageuzi hayo. Katika Kiswahili irabu ya mwisho haionyeshi mwanamume wala mwanamke: Juma ni mwanamume na jina lake laishia kwa a, Zaituni ni mwanamke na jina lake laishia kwa i. Ile a ya Uhura imetoka katika desturi ya Kilatini na lugha zilizozaliwa nacho. Kwa sarufi yetu uhura si neno. Mtu aweza kunung'unika kwamba neno limeharibiwa, na wenye lugha hawakuulizwa. Lakini ndivyo yalivyo maneno ya kukopa. Sisi nasi tuliongeza u mwishoni mwa hurr, wala hatukuomba ruhusa kwa Waarabu.

Tena Kiswahili hakikuishia katika jina. Katika kipindi cha kwanza kilichoonyeshwa, kiitwacho The Man Trap, kiumbe chenye kujigeuza kinamjia Uhura kwa umbo la mwanamume mweusi na kumsemesha Kiswahili. Katika The Changeling, kilichoonyeshwa tarehe 29 Septemba 1967, Uhura anafutwa kumbukumbu zake zote, na anapofundishwa upya kusoma Kiingereza, Kiswahili kinamtoka kinywani. Waandishi wa mchezo walitambua jambo ambalo kila mwalimu wa lugha alijua, ya kuwa lugha ya mama ina mizizi mirefu kuliko ile ya darasani.

Sasa tuje kwa wapenzi wa mchezo. Mwishoni mwa mwaka 1967 zilienea habari kwamba NBC ilikusudia kuukomesha. Bjo Trimble na mumewe John wakawaongoza watazamaji waandike barua. Tarehe 6 Januari 1968 wanafunzi zaidi ya 200 wa chuo cha sayansi cha Caltech waliandamana mpaka ofisi za shirika hilo huko Burbank. Hesabu za barua zinahitilafiana: shirika lilihesabu karibu 116,000 kati ya Desemba 1967 na Machi 1968, na wengine walidai zilifika milioni moja. Mwanahistoria afanya vema kuishika hesabu ndogo, nayo yatosha. Tarehe 1 Machi 1968 shirika lilitangaza mbele ya watazamaji kwamba mchezo utaendelea.

Ushindi huo ulikuwa na kasoro. Mchezo uliwekwa Ijumaa saa nne za usiku, wakati vijana wengi hawako nyumbani, na fedha za kuutengeneza zikapunguzwa. Kipindi cha mwisho kilionyeshwa tarehe 3 Juni 1969. Lakini kwa ajili ya mwaka ule wa tatu vipindi vilifika 79, na idadi hiyo iliviwezesha vituo vidogo kuvinunua na kuvirudia siku baada ya siku. Hivyo kizazi kisichoandika barua kikaurithi mchezo uliookolewa na barua. Mwezi Januari 1972 wapenzi walifanya mkutano wao mkubwa wa kwanza mjini New York.

Maoni ya wapenzi hao hayakuwa sifa tupu. Mwaka 1967 kampuni ya Gold Key ilianza kutoa vitabu vya hadithi za picha vilivyotokana na mchezo. Wachoraji wa mwanzo walikuwa Waitalia waliochora bila kuuona mchezo wenyewe, nao wakachora moto ukitoka nyuma ya chombo kama roketi ya kawaida. Wapenzi walilishika kosa hilo, wakalitaja miaka na miaka. Mtu wa nje aweza kucheka kwamba wanagombania moto wa chombo kisichokuwapo duniani. Lakini mwanachuoni anayelinganisha miswada miwili ya utenzi mmoja, akauliza ni mwandishi gani aliyeupotosha ubeti, afanya kazi ya namna hiyo hiyo. Mapenzi ya kweli kwa hadithi huzaa uangalifu.

Na jambo kubwa lilitegemea mapenzi hayo. Nichols alieleza kwamba baada ya mwaka wa kwanza alitaka kuacha kazi, kwa kuwa maneno aliyopewa kusema yalikuwa machache. Alipokutana na Martin Luther King, naye akajitambulisha kuwa mpenzi wa mchezo, akamsihi abaki, kwa sababu watu walikuwa wakimwona mwanamke mweusi akiwa ofisa mwenye elimu wala si mtumishi. Akabaki. Tangu mwaka 1977 alisaidia idara ya anga ya Marekani, NASA, kuwatafuta wanawake na watu weusi waombe kazi ya urubani wa anga. Na katika watu 35 waliochaguliwa mwaka 1978 walikuwamo wanawake sita na wanaume weusi watatu. Mae Jemison, ambaye tarehe 12 Septemba 1992 alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani, alisema kwamba Uhura alimpa moyo tangu utotoni.

Jina la pili la Uhura lina habari zake pia. Kwa miaka mingi hakuwa na jina la kuzaliwa katika mchezo. Mwaka 1982 William Rotsler, alipokuwa akiandika kitabu cha maisha ya wahusika, alichagua neno la Kiswahili Nyota, akapata ridhaa ya Roddenberry na ya Nichols mwenyewe. Wapenzi wakalikubali, wakalitumia, hata katika filamu ya mwaka 2009 likatamkwa kwa mara ya kwanza mbele ya watazamaji. Safari hii neno halikubadilishwa hata herufi. Na kwa Mswahili lina maana ya ziada, kwani nyota ni ile ya mbinguni na pia ni bahati ya mtu aliyozaliwa nayo.

Imebaki habari ya vitu. Mwezi Oktoba 2006 nyumba ya mnada ya Christie's iliuza mjini New York mavazi na vyombo vya michezo na filamu za Star Trek, na mfano mmoja wa chombo ulinunuliwa kwa dola 576,000. Wako wanaouona ukusanyaji huo kuwa upuuzi wa matajiri. Mimi nautazama mfano mwingine, ule wa futi 11 uliotumiwa katika mchezo wa awali. Ulitolewa kwa jumba la Smithsonian mwaka 1974. Jumba lilipotaka kuutengeneza upya uwe kama ulivyokuwa, liliwaomba watu wa kawaida picha zao za zamani, na baada ya matengenezo ukawekwa mbele ya wageni mwaka 2016. Picha zilizotunzwa na wapenzi majumbani zikawa ushahidi wa wataalamu. Nayo nguo nyekundu ya Uhura imo katika jumba la historia na utamaduni wa Wamarekani weusi mjini Washington.

Nichols alifariki tarehe 30 Julai 2022. Wahenga walisema, jina jema hung'ara gizani. Jina hili lilitoka kwetu bila sisi kujua, likatunzwa na watu wasiojua lugha yetu. Yafaa sisi tujifunze kwao jambo moja: kutunza. Barua za wasomaji katika magazeti yetu ya zamani, vitabu vyetu vya hadithi za picha, na maoni ya wasikilizaji wa michezo ya redio ni ushahidi wa jinsi watu wetu walivyozipokea hadithi zao. Karatasi hizo huliwa na mchwa na kufungiwa vitumbua. Mwenye nazo na azihifadhi, kwani mtafiti wa kesho atazitafuta.