Kuchomoa Betri na Kumbukumbu ya Kompyuta ya Injini

Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, gereji nyingi hukimbilia dawa moja: kuchomoa betri. Fundi hulegeza nati ya kichwa cha hasi kwa spana namba 10, husubiri robo saa hivi, kisha hukirudisha. Taa inazimika na dereva anaondoka ameridhika. Siku chache baadaye inawaka tena, kwa sababu kilichofutwa ni kumbukumbu. Ubovu umebaki palepale.

Kompyuta ya injini, au kontroboksi kwa lugha ya mafundi, hukadiria petroli ya kunyunyiza ikilenga takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi huiambia kama imepatia. Nozeli zikichoka au hewa ikivuja mahali, kompyuta huongeza ama hupunguza mafuta, na huhifadhi marekebisho hayo kwa safari ijayo. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 na 2000, kumbukumbu hiyo hutegemea umeme wa betri. Magari mapya zaidi huhifadhi sehemu yake hata betri ikitolewa.

Ndiyo maana baada ya betri kurudishwa sailensi, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, hupanda na kushuka, na gari huweza hata kuzima. Mlango wa hewa ukiwa na masizi, kompyuta ilikuwa imezoea kuufungua zaidi kidogo, sasa imesahau. Injini iachwe ipate moto wake wa kawaida bila kukanyaga mafuta, kiyoyozi (eisi) kikiwa kimezimwa, kisha kiyoyozi kiwashwe. Gari liendeshwe taratibu kwa mwendo tofautitofauti. Gia za otomatiki nazo zinaweza kuingia kwa kushtuka kwa muda.

Wilayani Nachingwea na Ruangwa jambo hili lina uzito wake. Reli ya Mtwara hadi Nachingwea ilifungwa mwaka 1962, na tangu hapo korosho na ufuta hutoka kwa barabara. Gari likizima kwenye vumbi la Mkotokuyana, mbali na mjini, kubahatisha ni gharama. Busara ni kusoma hitilafu kwanza kwa mashine ya kupimia, kupitia tundu la pini 16 lililolazimishwa Marekani mwaka 1996 na ambalo limo pia kwenye magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 2000, kwa kawaida chini ya usukani. Pamoja na namba ya hitilafu, kompyuta huweza kuweka hali ya injini wakati ule: mzunguko, joto, mzigo. Ukichomoa betri unaufuta ushahidi huo wote.

Kuna hasara nyingine ambazo watu huzigundua wakiwa wamechelewa. Redio nyingi za ramani za Toyota zilizotoka Japani hujifunga na kudai namba ya siri. Vioo vya kujifunga vyenyewe huhitaji kufundishwa upya.

Dereva wa Land Cruiser yenye dizeli ya 1HZ hapati chochote kwa kuchomoa betri: pampu yake ya mafuta huendeshwa kwa mitambo tupu, bila kompyuta. Taa ya oili au ya chaji ikiwaka kwenye gari hilo, injini izimwe na chanzo kitafutwe papo hapo.