Mkulima, Mizani na Soko la Mji

Chama kikuu cha ushirika kinapotimiza miaka kumi, ni desturi kuhesabu magunia yaliyouzwa, maghala yaliyojengwa na fedha walizolipwa wanachama. Hesabu hiyo ni ya lazima. Lakini yafaa pia tutazame nyuma zaidi ya umri wa chama chetu, tuifuate njia ambayo mazao yamepita tangu shambani hadi Kariakoo na Gerezani. Katika njia hiyo liko swali ambalo kila kizazi cha wakulima kimelikuta: je, mizani imo mikononi mwa nani?

Nchi iliyo nyuma ya Dar es Salaam ni nchi ya neema za namna nyingi. Kutoka Mgeta, katika milima ya Uluguru, huja kabichi, karoti na viazi. Kutoka Matombo huja ndizi, machungwa na viungo. Bonde la Rufiji hutoa mpunga na samaki. Kisarawe na Mkuranga hutoa mihogo, nazi na korosho, na Kiwangwa, katika Wilaya ya Bagamoyo, yajulikana kwa mananasi. Mji hauwezi kula siku moja bila watu hawa. Hata hivyo, kuulisha mji na kufaidika nao ni mambo mawili mbalimbali.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Gerezani, mtaa ambao jina lake latokana na gereza, ukawa jirani wa reli hiyo. Waingereza waliuteka mji mwaka 1916, na mahali walipokaa wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, watu wakapaita Kariakoo. Wapagazi hao wengi walikuwa wakulima waliotolewa mashambani kwenda kubeba mizigo isiyokuwa yao kwa ujira wasioupanga wao, na makumi ya maelfu hawakurudi makwao. Kwa hiyo soko mashuhuri kuliko yote nchini lina jina la wachukuzi. Mwanaushirika na akumbuke maana ya jina hilo.

Ushirika ulizaliwa ili mkulima asibaki mchukuzi tu. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda umoja wao mwaka 1925. Sheria ya Vyama vya Ushirika ilipotungwa mwaka 1932, wakaandikisha chama kikuu cha KNCU mwaka uliofuata. Huko Mwanza, wakulima wa pamba walinung'unika kwamba wanapunjwa uzito, wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe. Kutokana na juhudi hizo, na kwa uongozi wa Paul Bomani, kikatokea mwaka 1955 chama kikuu cha Victoria kilichoviunganisha vyama vya pamba. Chanzo chake hakikuwa fedha nyingi wala majengo. Kilikuwa ni mizani ya haki.

Mwaka 1961 ulianzishwa Muungano wa Vyama vya Ushirika wa Tanganyika, nao ukawa na makao Mtaa wa Lumumba, mwendo mfupi kutoka sokoni. Baada ya Uhuru vyama vilienezwa haraka hata mahali ambapo wakulima hawakuwa wameviomba. Tume ya Rais ya mwaka 1966 ilikuta wizi, uzembe, na wanachama wasiojua kwamba chama ni mali yao. Mei 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu, na mashirika ya umma yakachukua kazi ya kununua mazao. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Tusisome habari hii kama kosa la Serikali peke yake. Chama ambacho wenyewe hawakilindi huwa rahisi kuvunjwa, wala hapatikani wa kukililia.

Wakati huo mji ulikuwa umepata soko jipya. Jengo la Kariakoo, lililochorwa na Beda Amuli, msanifu wa Kitanzania, lilifunguliwa mwaka 1975. Liliungua Julai 2021, na baadaye kazi ya kulikarabati ikaanza. Lakini jengo zuri halimlipi mkulima ikiwa gunia lake limepimwa kwa macho. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo na kushonewa kilemba juu, limemnyang'anya mkulima wa viazi na vitunguu sehemu ya jasho lake kwa miaka mingi, ingawa sheria yalikataza.

Dawa zipo, ila hazifanani. Kwa mazao yanayokaa, kama korosho na ufuta, ipo stakabadhi ghalani, iliyowekewa sheria mwaka 2005 na kuanza kutumika kwa korosho za Mtwara mwaka 2007. Mazao hukusanywa, hupimwa na kuuzwa kwa mnada, na mkulima hajilazimishi kuuza siku ile ile aliyovuna. Kwa nyanya na mchicha njia hiyo haifai, maana vitu hivyo huoza kabla ya mnada. Hapo chama hakina budi kuuza kwa kilo, kuchambua mazao kwa daraja, kupatana bei na wanunuzi kabla ya mavuno, na kukodi gari kwa pamoja.

Barabara nazo zimefungua milango. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, magari yavukayo Rufiji hayangoji tena kivuko. Na Gerezani, penye mafundi wa chuma na bati, mkulima aweza kwenda si kuuza tu bali pia kununua: jiko, toroli, au chombo cha kukunia mihogo. Kijiji kisindikacho mihogo yake huuza unga. Kisichosindika huuza mzigo mzito kwa bei nyepesi.

Basi, ndugu wanachama, miaka kumi ni umri wa mtoto anayeanza kutumwa sokoni peke yake. Tuhudhurie mikutano, tusome hesabu, tuulize penye shaka. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba kibaba chenyewe ni cha haki.