Foni ya Misioni na Sanduku la Vipuri



Zamani habari katika nchi yetu ilikwenda kwa miguu ya wapagazi. Mwaka 1911, kwa mapenzi ya Mfalme Albert I wa Ubelgiji, mhandisi Robert Goldschmidt alianza kazi ya kusimamisha vituo vya simu isiyo na waya katika Kongo. Kimoja kiliwekwa Kikondja, katika Haut-Lomami hii yetu. Mwaka 1928 reli itokayo Bukama na kupita Kamina ilifika Port-Francqui, ndiyo Ilebo ya leo. Baadaye misioni nyingi zikapata mashini ya kusemezana toka mbali, ile tuliyozoea kuiita foni. Kwa saa iliyopatanwa kila misioni ilifungua yake: huyu aliomba dawa, huyu alitangaza kifo.

Lakini foni husema kwa vipande vidogo, na kimoja kikiharibika, misioni yote inakuwa bubu. Kipande kipya kilitoka Ulaya, kikavuka bahari, kikapanda gari-moshi. Na mgonjwa hangoji gari-moshi. Kwa hiyo fundi mwenye busara alitunza vipuri kama mhazini atunzavyo sanduku la fedha: fyuzi mahali pake, lampu zimeviringishwa katika nguo, skrubu ndani ya vikopo, kila kikopo na jina lake. Alipotoa kimoja aliandika katika daftari, ili kingine kiagizwe kabla akiba haijakwisha. Na kipande kilichokufa hakukirudisha kati ya vizima, maana kesho kingemdanganya.

Utaratibu huo ulilinda kazi. Utaratibu wa mikono ulilinda uhai. Foni za lampu zilibeba umeme wa volti mamia kwa mamia. Tena zilipozimwa, kondensa zake, yaani vile vikopo vinavyoweka umeme ndani, ziliweza kumpiga mtu hata kumwua. Fundi alikata umeme kwanza, akangoja, akaumwaga umeme uliobaki kwa njia ya rezista iliyoshikwa kwa koleo lenye mpini usiopitisha umeme, akapima, ndipo akagusa. Alipolazimika kupima mashini ikiwaka, mkono mmoja aliuweka nyuma, ili umeme usipate njia ya kupita moyoni. Mawingu ya radi yalipokusanyika, hakugusa antena.

Mwaka 1947 transista ilivumbuliwa huko Marekani. Zile za kwanza zilitengenezwa kwa jermanio, madini ambayo mgodi wa Kipushi, katika Katanga yetu, uliyatoa pia. Volti zikapungua, lakini uangalifu haukupaswa kupungua. Hata leo, penye betri na mabamba ya jua, wako wanaoweka waya wa shaba mahali pa fyuzi iliyoungua. Fyuzi ni mlinzi anayekubali kufa ili nyumba ipone. Anayeweka waya huo amemfukuza mlinzi na kuacha mlango wazi.

Basi, vijana wanaopokea funguo za mashini, wapokee pamoja nazo daftari na desturi ya kungoja kabla ya kugusa. Sauti zilizofika kwa wakati zilitegemea mambo hayo mawili.