Santuri za Schoenberg

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Muziki nao ni mali ya namna hiyo, kwani ukishapigwa humezwa na hewa. Ndiyo maana santuri zilizorekodiwa Hollywood, Marekani, mwishoni mwa Desemba 1936 na mwanzoni mwa Januari 1937, zina thamani kuliko uchache wa nakala zake. Mna ndani yake tungo nne za Arnold Schoenberg kwa fidla mbili, viola na sello, zikipigwa na kundi la Kolisch.

Tungo ya kwanza, ya mwaka 1905, huchukua zaidi ya dakika 40 bila kituo. Ya pili, ya mwaka 1908, ndiyo iliyozua rabsha. Hadi wakati ule lahani ya Kizungu ilikwenda kama jahazi: hata ikifika mbali vipi, msikilizaji aliijua bandari itakayorejea. Katika sehemu ya mwisho Schoenberg aling'oa nanga, na bandari ikatoweka machoni kwa kitambo kirefu. Tena katika sehemu mbili za mwisho aliingiza sauti ya mwanamke aimbaye mashairi ya Mjerumani Stefan George. Pale ambapo ala zilipoteza kanuni ya kale, shairi likawa dira. Ilipopigwa Vienna mara ya kwanza, tarehe 21 Desemba 1908, wasikilizaji walicheka na kupiga makelele.

Rudolf Kolisch, kiongozi wa kundi, alikuwa mwanafunzi wa Schoenberg na pia shemeji yake, kwani mtunzi huyo alimwoa Gertrud, dada yake Kolisch, mwaka 1924. Alipokuwa mtoto aliumia kidole cha mkono wa kushoto. Basi akajifunza kushika fidla kwa mkono wa kulia na kuvuta upinde kwa wa kushoto. Yeye na wenzake, Felix Khuner, Jenő Lehner na Benar Heifetz, walisifika kwa kupiga kwa ghaibu, pasipo karatasi mbele yao.

Mwaka 1933 Wanazi walipotwaa madaraka Ujerumani, Schoenberg, aliyekuwa Myahudi, alipoteza kazi yake Berlin akahamia Marekani. Huko Alfred Newman, mtunzi wa muziki wa filamu aliyesoma kwake, aliwapatia wapigaji studio ya United Artists. Upande mmoja wa santuri za enzi hizo ulibeba dakika nne hivi tu, kwa hiyo tungo ndefu zilikatwa vipande vipande. Clemence Gifford akaimba yale mashairi ya George, safari hii bila wa kumzomea. Tungo ya nne, iliyokamilika mwaka 1936, ilipigwa hadharani kwa mara ya kwanza Los Angeles Januari hiyohiyo.

Santuri hizo hazikuuzwa madukani. Nakala chache zilikwenda kwa wachache. Mwaka 1938, katika maonyesho ya Düsseldorf, Wanazi waliutangaza muziki wa Schoenberg kuwa umeoza. Schoenberg alifariki mwaka 1951, na Kolisch mwaka 1978. Baadaye rekodi zao zilihamishiwa kwenye CD. Azisikilizaye leo husikia mkwaruzo wa sindano, na chini yake watu wanne waliojifunza tungo hizo kwa mwenyewe, wakazibeba moyoni wakati kwao hazikutakiwa tena.