Bateri ni ya nani? Historia ya deni na asiransi ya gari za umeme



Juma lililopita kijana mmoja mmotari alitufikia na karatasi tatu ndani ya plastiki. Ya kwanza ilikuwa kontra ya deni. Alichukua pikipiki, akatoa avansi, na iliyobaki alipaswa kulipa kila juma. Ya pili ilikuwa ya asiransi. Ya tatu ilikuwa tangazo la pikipiki ya umeme, alilopewa na rafiki yake anayevuka mpaka kila siku. Pikipiki yake ya kwanza ilinyang'anywa njiani, siku ile watu wote walikuwa wanakimbia. Pikipiki imekwenda, deni limebaki. Kwa hiyo aliuliza maswali mawili: asiransi italipa? Na je, aingie deni lingine kwa ajili ya chombo kisichokunywa esansi?

Sikutaka kumjibu haraka haraka. Maswali hayo yana zaidi ya miaka mia, na waliotutangulia waliyalipia kwa franga zao.

Wengi wetu tunadhani gari ya umeme ni kitu cha juzi. Sivyo. Karibu mwaka 1910 kule Marekani, gari za umeme zilikuwa zinatembea barabarani pamoja na zile za esansi. Hata Clara, mke wa Henry Ford, alikuwa anaendesha gari ya umeme ya Detroit Electric, wakati mume wake anauzia watu Model T ya esansi. Mambo ya ndani ya nyumba ya watu, tuyaache. Shida ya gari ya umeme ilikuwa bei. Mwaka 1912 gari ndogo ya umeme ilikuwa inauzwa dola 1,750, na ya esansi ilipatikana kwa dola 650. Umeme wa kuitembeza haukuwa na gharama kubwa, lakini siku ya kununua ndiyo ilikuwa inaumiza, na sehemu kubwa ya maumivu ilikuwa bateri.

Katika mji wa Hartford, jimbo la Connecticut, kampuni ya umeme ya mji ilipata njia. Kampuni hiyo, Hartford Electric Light, iliwaambia wafanyabiashara: nunueni kamyo bila bateri. Bateri ni yetu. Ikiisha nguvu, leteni kamyo, tunaitoa na kuweka nyingine iliyojaa. Mwenye kamyo alikuwa analipa vitu viwili: kiasi fulani kila mwezi kwa ajili ya matunzo, na kiasi kingine kulingana na maili alizotembea. Akitembea kidogo, analipa kidogo. Mpango huo uliendelea mpaka mwaka 1924, na kwa miaka yote hiyo kamyo zilitembea zaidi ya maili milioni 6, karibu kilometa milioni 10. Kuanzia mwaka 1917, Chicago nao walikuwa na huduma kama hiyo kwa wenye gari ndogo za Milburn.

Hapo ndipo nataka mkae kidogo. Bateri ikizeeka, hasara ilikuwa ya nani? Ya kampuni ya umeme. Mwenye kamyo hakuwa na deni la kitu kinachokufa polepole mikononi mwake. Kampuni nayo ilikubali kubeba mzigo huo kwa sababu kila maili kamyo iliyotembea, umeme wake uliuzwa. Kila upande ulikuwa na sababu ya kutaka kamyo itembee. Mimi naona ni kontra ya haki kuliko nyingi zilizokuja nyuma yake.

Lakini esansi ilishinda, na deni lilisaidia sana. Mwaka 1919 kampuni ya General Motors ilifungua tawi lake la kukopesha wanunuzi, GMAC. Mtu anatoa avansi, anaondoka na gari siku hiyo hiyo, anaendelea kulipa kila mwezi. Henry Ford hakupenda madeni. Mwaka 1923 alileta mpango wake: mteja anaweka dola 5 kila juma, na siku bei imetimia ndipo anapewa gari. Wamama wa likelemba na wa MUSO wataufahamu mpango wa Ford bila kuelezwa. Ni akiba kwanza, kitu baadaye. Watu wa Marekani waliukataa. Walitaka gari leo. Ford mwenyewe aliinama, na mwaka 1928 kampuni yake ikafungua nyumba yake ya kukopesha.

Toka hapo gari ikawa mali ya mkopeshaji mpaka siku ya malipo ya mwisho, na mkopeshaji hakutaka kulala na wasiwasi. Mali yake iko barabarani, mikononi mwa mtu mwingine. Ikigongwa au kuibiwa, nani atamlipa? Kwa hiyo deni lilizaa asiransi ya pili. Ile ya kwanza, ambayo serikali inalazimisha, inalinda mtu uliyemgonga. Hii ya pili inalinda gari yenyewe, na mara nyingi anayelipwa wa kwanza ni mkopeshaji, si wewe.

Tofauti hiyo ndiyo inayotuchanganya hapa kwetu. Shirika la asiransi la serikali, SONAS, lilizaliwa mwaka 1966 na likawa peke yake kazini kwa miaka mingi. Sheria ya tarehe 5 Januari 1973 ililazimisha kila mwenye chombo cha mashini kuwa na asiransi ya madhara anayoweza kuwafanyia wengine. Watu wa vizazi viwili wamekua wakijua asiransi kama kikaratasi cha kubandika kwenye kioo ili polisi wa barabarani wakuache upite. Sheria mpya ya Machi 2015 ilifungua soko, na mwaka 2019 kampuni za watu binafsi zilianza kupewa ruhusa. Lakini karatasi anayobeba mmotari wetu, mara nyingi, bado ni ile ya kulinda wengine tu. Ukigonga mama wa mboga, asiransi inapaswa kumtibu. Pikipiki yako ikiibiwa, karatasi hiyo haina neno.

Turudi kwenye umeme. Mwaka 1996 General Motors ilitoa gari ya umeme iliyoitwa EV1. Hawakuiuza hata kidogo, waliikodisha tu. Zilitengenezwa zaidi ya 1,100, wateja walikuwa wanalipa kila mwezi, na kontra ilisema hakuna kununua mwishoni. Kampuni ilipoamua kufunga kazi, ilizichukua zote, na nyingi zilisagwa kama vyuma vya zamani. Kuna wateja waliolia na kuomba wauziwe. Waliambiwa hapana. Walikuwa wamelipa kwa miaka, na hawakubaki hata na ufunguo.

Renault ya Ufaransa ilikuja na Zoe, gari ndogo iliyoanza kuuzwa karibu na mwaka 2013. Walirudisha ujanja wa Hartford, lakini nusu tu. Unanunua gari, unakodi bateri, unalipa kila mwezi, kuanzia euro 79. Bei ya dukani ilishuka, na bateri ikichoka kampuni inaibadilisha. Vizuri. Tatizo lilitokea gari ilipouzwa tena. Mnunuzi wa okazioni alikuta amenunua mwili bila moyo: anapaswa kuingia kwenye kontra ya kukodi bateri, ama ainunue. Sisi wa huku karibu wote tunanunua okazioni. Siku gari hizo zitakapoanza kutufikia kwa wingi, swali la kwanza la mnunuzi lisiwe kilometa ngapi imetembea. Liwe bateri ni ya nani.

Na asiransi yake ni ghali kwa sababu ya bateri hiyo hiyo. Kwa gari ya esansi, ukigonga jiwe chini, fundi anachomelea na unaendelea. Kwa gari ya umeme, bateri imelala chini ya miguu yako, nayo ni kitu cha bei kuliko vyote ndani ya gari. Ikipata mkwaruzo, mara nyingi hakuna fundi anayethubutu kuapa kwamba ndani ni salama. Kule Ulaya na Marekani kampuni za asiransi zimekwisha kutupa gari karibu mpya kwa ajili ya bateri iliyoguswa kidogo. Hasara hiyo inarudi kwa wote katika bei ya mwaka unaofuata. Fikirieni sasa barabara zetu za mawe ya volkano.

Mkongomani hawezi kuandika neno bateri bila kufikiria Kolwezi. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa nchini mwetu. Inatoka ikiwa udongo, inarudi, kama inarudi, ikiwa deni. Nisiseme zaidi hapo, maana bateri nyingi za bei nafuu siku hizi zinatengenezwa bila kobalti, na hiyo ni habari nyingine ya kuwahangaisha watu wa Lualaba.

Tangazo la kijana wetu linatoka upande wa pili wa mpaka. Kigali, tangu mwaka 2019, kampuni ya Ampersand inafanya kazi karibu sawa na ile ya Hartford. Mmotari ananunua pikipiki, mara nyingi kwa deni, lakini bateri inabaki ya kampuni. Ikiisha anaingia kituoni, anabadilisha kwa dakika chache, analipa, anaondoka. Hakuna kungoja. Mpango huo umetembea kwa sababu vituo ni vingi na wamotari wanarudi kila siku. Lakini pikipiki bila kituo ni chuma tu. Ukiivusha na kuileta kwenye mtaa usio na kituo, au ukalazimika kukimbia kilometa 60 usiku, bateri haitakuuliza unakimbia nini. Kwa esansi, chupa ya pembeni ya barabara ingekuokoa.

Sasa swali lake la kwanza, lile la vita. Hapa historia haina huruma.

Katika miaka ya 1930 kampuni za asiransi za Uingereza ziliona ndege zikipiga mabomu miji ya Uhispania. Zilifanya hesabu. Moto wa kawaida unaunguza nyumba moja ama mtaa mmoja, na michango ya wengine inatosha kulipa. Vita inaharibu kila mtu siku moja, na hakuna anayebaki wa kuchangia. Mwaka 1937 zilikubaliana pamoja kutolinda tena mali ya nchi kavu dhidi ya vita. Toka hapo kifungu hicho kimeingia katika kontra za asiransi karibu dunia nzima: vita, vita vya wenyewe kwa wenyewe, maasi na fujo haviko ndani. Waingereza wenyewe, mabomu yalipowafikia, walikuta asiransi haipo. Ikabidi serikali itunge sheria mwaka 1941, wenye majengo wakalazimishwa kuchanga, na hazina ya taifa ikalipa majengo yaliyobomolewa. Serikali ilibeba kile ambacho kampuni ziliacha.

Kwetu aliyebeba ni nani? Mfano mmoja tunao. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya La Haye iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa ajili ya vita iliyoanza mwaka 1998. Ndani yake dola milioni 40 ni za mali zilizoharibiwa: nyumba, mashule, maduka, na bila shaka vyombo vya watu pia. Uganda ilipewa kulipa mara tano, dola milioni 65 kila mwaka. Serikali pia zinalipa kidogo kidogo, kama mmotari. Ila kati ya siku ya hasara na siku ya hukumu ilipita miaka zaidi ya ishirini, na mkopeshaji wa pikipiki hangoji hata juma tatu.

Jioni ile tuliketi na kijana, tukafungua kontra yake ya asiransi. Imeandikwa kwa Kifaransa, herufi ndogo kama mayai ya siafu. Ni ile ya kulinda wengine. Wizi haumo. Na chini ya ukurasa wa pili kipo kifungu chenyewe, vita na fujo, mstari mmoja na nusu. Nilimsomea mara mbili kwa sababu aliomba.

Tukafungua ile ya deni. Hapo palikuwa na kitu ambacho hakukijua. Katika kiasi cha kila juma, tangu mwanzo, alikuwa anakatwa kidogo kwa ajili ya asiransi ya kulinda mkopeshaji kama yeye mwenyewe akifa. Akifa, deni linazimwa. Pikipiki ikipotea naye akibaki hai, deni linabaki naye. Alicheka, halafu akanyamaza.

Juu ya tangazo la umeme hakutaka nimwamulie, na mimi sikutaka. Tuliandika maswali nyuma ya karatasi hiyo kwa kalamu yake: bateri ni ya nani, na ikifa nani anaibadilisha, kituo cha karibu kiko wapi, na kikifungwa je, asiransi inalinda nini, na analipwa nani kwanza, deni linasimama lini kama tumekimbia tena. Lile la mwisho alilipigia mstari. Alisema juma hili atawapelekea wenye tangazo, na atarudi kutuambia walijibu nini.