Ushirikiano wa maktaba za kitaaluma (Bukoba na Muleba)

Utaratibu wa maktaba za vyuo kugawana kazi ya kununua, kutunza na kuhifadhi machapisho, ili isiwe lazima kila moja iwe na kila kitu. Nchini Tanzania upande wa ununuzi huratibiwa na COTUL, muungano wa maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti, ambao hujadiliana kwa pamoja kuhusu leseni za majarida ya kielektroniki.

Kwa Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, suala zito zaidi ni uhifadhi, maana maandishi kuhusu Wahaya, wenyeji wa huko, yametawanyika. Karatasi za Hans Cory, aliyeandika pamoja na Hartnoll juu ya sheria za kimila za Wahaya (1945), zimo katika mkusanyo wa Afrika Mashariki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kumbukumbu kuu za Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki na waanzilishi wa seminari ya Rubya wilayani Muleba, ziko Roma. Msomi wa Bukoba, basi, husafiri mbali kusoma habari za kwao. Nakala za kidijitali zingempunguzia safari, lakini hazingeondoa kazi ya kulinda karatasi zenyewe: Kagera ina mvua nyingi, na unyevu na mchwa havisubiri bajeti.